Nauli, Saa na Kauli: Tuliyojifunza Kuhusu Vijana Kwenye Kazi za Afya ya Jamii

Ukitaka kujua kama mradi wa afya unawashirikisha vijana, weka kando picha za warsha na fulana, omba bajeti. Tafuta humo mambo manne: nauli ya vijana, malipo ya kazi yao, mshahara wa mtu anayewasimamia, na fungu, hata likiwa dogo, ambalo vijana wenyewe ndio wenye kauli ya mwisho. Matatu ya kwanza hupatikana kwa kutafuta sana. La nne ni nadra. Mradi usio nayo unaweza kuwa unafanya kazi njema, lakini vijana waliomo ni walengwa wa huduma tu, na ni heri waambiwe hivyo mapema kuliko kuitwa wabia kisha wakaja kugundua wenyewe.

Tunayoeleza hapa yanatokana na kazi ya vijana balehe kwenye kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, yaani CTC, kwenye chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, shuleni, na kwenye miradi ya kimataifa ambayo siku hizi karibu kila andiko lake lina kifungu cha ushirikishwaji wa vijana. Watu wazima wengi wanaoandika kifungu hicho wana nia nzuri kabisa. Kinakuja kufia kwenye nauli iliyochelewa, kikao kilichopangwa wiki ya mtihani, na karatasi zilizoandikwa kwa Kiingereza.

Tuanze na umri, maana hapo ndipo nafasi za vijana zinapoibwa bila mtu kuona. Shirika la Afya Duniani linahesabu balehe kuwa miaka 10 hadi 19. Umoja wa Mataifa unahesabu kijana kuwa wa miaka 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul mwaka 2006, unasema 15 hadi 35, na sera ya vijana ya Tanzania ya 2007 ikashika umri huohuo. Katiba ya Kenya ya 2010 inaanzia 18 na kuishia kabla ya kutimiza 35. Kwa hiyo ukitangaza nafasi ya "mwakilishi wa vijana" kwenye kamati ya afya bila kutaja umri, atakuja mtu wa miaka 33 mwenye shahada mbili, na hatakuwa amevunja kanuni yoyote. Binti wa miaka 16 anayechukua dawa kliniki hiyohiyo hatajua hata kwamba nafasi ilikuwepo. Andikeni umri kwenye tangazo, na ugawanywe: 15 hadi 17 nafasi zao, 18 hadi 24 zao. Watoto wa 10 hadi 14 wanahitaji njia nyingine kabisa, michoro na michezo, mlezi akiwa karibu. Kuwaweka mezani na wa miaka 23 ni kuwanyamazisha.

Sasa kwa nini wahitajike? Wengi hujibu kwa hoja ya haki, na ni hoja ya kweli. Lakini ipo sababu ya kazi yenyewe: kuna mambo ambayo hayaonekani kwenye rejesta.

Chukua mwanafunzi wa bweni anayetumia dawa za kufubaza virusi. Kwenye kadi anaonekana amekosa dozi, kipimo cha wingi wa virusi kimepanda, na mtoa huduma anaandika apewe ushauri nasaha wa ufuasi, yaani wa kunywa dawa bila kukosa. Anashauriwa, anaitikia, anarudi bweni, mambo yanakuwa yaleyale. Mwambie kijana mwenzake aliyepita bweni azungumze naye na jibu linatoka baada ya dakika chache: kopo linalia. Saa tatu usiku bweni limejaa, tranka linafunguliwa mbele za watu, na vidonge 90 ndani ya kopo la plastiki vikitikisika kila mtu anageuka. Ndiyo maana anaahirisha mpaka wenzake walale, kisha usingizi unamchukua.

Tatizo likishajulikana hivyo, ufumbuzi wake ni mdogo. Wengine hujaza pamba koponi, ila mfamasia aulizwe kwanza kwa sababu pamba huvuta unyevunyevu, na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kilichomo koponi kisitupwe kamwe. Vidonge visihamishiwe kwenye karatasi wala mfuko wa nailoni. Kilichosaidia zaidi ni kuhamisha saa ya dozi: kidonge ni kimoja kwa siku, na baada ya kukubaliana na mtoa huduma kinaweza kunywewa alfajiri wakati wa kuoga, wakati kila mtu ana haraka zake. Wengine humpata matroni mmoja wanayemwamini, akatunza dawa ofisini kwake. Halafu kuna tarehe. Weka kalenda ya shule na tarehe za kliniki juu ya meza moja, wape vijana kalamu nyekundu. Wataonyesha mara moja tarehe zilizoangukia wiki ya mitihani au siku ya kufungua shule. Dawa za miezi mitatu au sita zikipangwa kufuata mihula, sehemu kubwa ya utoro unaoandikwa kwenye rejesta inaondoka bila hotuba yoyote.

Hili si jambo la hisia tu. Zimbabwe kuna mpango wa Zvandiri, ulioanza mwaka 2004, unaowafundisha vijana wa miaka 18 hadi 24 wanaoishi na VVU kuwafuatilia wadogo zao: kuwatembelea nyumbani, kuwatumia ujumbe, kuwasindikiza kliniki. Utafiti uliofanyika wilaya za Bindura na Shamva, ukachapishwa 2020, ulilinganisha vituo 8 vyenye huduma hiyo na vituo 8 vyenye huduma ya kawaida. Baada ya wiki 96, vijana waliokuwa wamefariki au ambao virusi vyao havikuwa vimefubazwa walikuwa asilimia 25 upande wa Zvandiri na asilimia 36 upande wa pili. Wanaolitaja tokeo hili kwenye mikutano husahau kutaja kilicholizaa: vijana wale walifundishwa, walisimamiwa, walipewa posho, na walikuwa sehemu ya timu ya kituo. Ukichukua kijana peke yake ukaacha hayo mengine, usitegemee tokeo lilelile.

Uchaguzi wa vijana hao unafanywa vibaya kuliko hatua nyingine yoyote. Barua inakwenda shuleni, mkuu wa shule anatoa kiranja. Kwenye kituo, muuguzi anamtoa kijana mtiifu anayejua kusalimia wageni. Hao si wabaya, ila mara nyingi wenzao hawawaambii siri. Njia iliyo bora ni kuwauliza vijana wenyewe, kila mmoja kwa karatasi na bila jina lake: ukiwa na shida ambayo hutaki nyumbani wajue, ungemwambia nani kati ya hawa? Majina yanayojirudia ndiyo ya kuita. Badala ya wasifu na usaili wa Kiingereza, wape igizo la dakika kumi: mwenzako amekwambia ameacha dawa, zungumza naye. Sikiliza nani anauliza na nani anahubiri. Sifa nyingine ziwe chache: ajue kusoma na kuandika Kiswahili, awe na muda, na kwa kazi ya CTC awe ametulia kwenye dawa angalau mwaka mmoja. Aliye chini ya miaka 18 mzazi au mlezi atie saini, lakini kijana aulizwe kwanza, peke yake, kama anataka kazi yenyewe na kama mzazi anajua hali yake ya afya. Usimfichue mtoto kwa fomu ya ridhaa. Chukueni theluthi moja zaidi ya mnaowahitaji, kwa sababu watahama, watafaulu kwenda vyuo, watapata vibarua, wataolewa.

Jambo moja hukumbukwa kijana akishaumia: kuonekana akifanya kazi CTC ni kutangaza hali yake mtaani. Msimvishe fulana yenye maandishi ya UKIMWI. Kitambulisho kisomeke mhudumu kijana, basi. Na apewe uchaguzi wa kufanya kazi kituo kingine, mbali na anakochukua dawa na mbali na mtaa wake, hata kama nauli itaongezeka.

Pesa sasa, kwa kirefu, maana hapa ndipo heshima inapopimwa.

Neno "kujitolea" limetumika vibaya mno. Kijana anayekuja kituoni siku tatu kwa wiki, anayepiga simu, anayejaza fomu na kurudisha wateja waliopotea, anafanya kazi. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2018 kuhusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii lilipendekeza walipwe kulingana na kazi, muda na mafunzo yao, na likashauri malipo yasitegemee pekee wala kwa sehemu kubwa idadi ya matokeo wanayoleta. Kenya ilipozindua wahudumu wake wa jamii zaidi ya 100,000 Septemba 2023, posho iliyotajwa ilikuwa shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, serikali kuu na kaunti zikichangia nusu kwa nusu. Mtu anaweza kubishana kuhusu kiwango, lakini kanuni imekubalika. Kijana wa miaka 20 anayefanya kazi ya namna hiyohiyo asipewe soda na cheti.

Malipo ya kwa kila kichwa yaepukwe. Mkisema shilingi fulani kwa kila kijana aliyefikiwa, ndani ya miezi miwili mtapata majina hewa, na hata wasiodanganya watawafuata marafiki walio karibu na kuwaacha walio mbali, ambao ndio mliowakusudia. Lipeni kwa siku za kazi zilizokubaliwa, na kiwango kiwe wazi kwa wote. Posho ya kikao ikiwepo, iwe sawa na ya mjumbe mtu mzima. Hakuna maelezo ya kuridhisha kwa nini mjumbe mmoja alipwe nusu ya mwenzake aliyeketi kiti cha pembeni.

Nauli itumwe jioni ya kuamkia kikao, iambatane na ada ya kutolea pesa kwenye simu. Utaratibu wa "njoo kwanza utarudishiwa" unawafaa wenye akiba. Kijana asiyekuwa nayo atakopa, au hatakuja na mtaandika kwamba hana ari. Kisha kuna mhasibu anayetaka stakabadhi, na bodaboda haitoi stakabadhi. Dawa yake ni jedwali la nauli: orodha ya kata zote, kwa kila kata nauli ya boda hadi kituo cha daladala, nauli ya daladala, na jumla ya kwenda na kurudi. Litengenezwe na vijana wenyewe, liidhinishwe na uongozi, lipitiwe kila miezi mitatu au mafuta yakipanda. Mkaguzi hulikubali kwa sababu ni kiwango kilichoidhinishwa, na malipo yanasainiwa dhidi yake. Kumbukeni pia kwamba nauli ya mwanafunzi hupatikana akiwa amevaa sare. Jumamosi amevaa nguo za nyumbani, konda atamtoza ya mtu mzima. Kwenye jedwali andikeni ya mtu mzima.

Aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida hana laini iliyosajiliwa kwa jina lake, kwani usajili wa Tanzania unadai kitambulisho cha taifa, cha NIDA, na alama za vidole. Pesa itaingia kwenye simu ya baba, na mara nyingine itaishia huko. Kubalianeni na mlezi kwa maandishi, au lipeni mkononi mbele ya shahidi, kwa saini.

Saa za kazi zifuate maisha yao. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, wa kidato cha pili na cha nne huangukia Novemba. Kwa hiyo kuanzia Agosti wanafunzi hao waachieni wasome. Juni na Desemba ni likizo, na ndiyo miezi ya mafunzo ya siku tano mfululizo. Jumamosi saa tatu hadi saa sita inafaa wengi. Ijumaa mchana haifai kwa Waislamu, na mwezi wa Ramadhani kikao kiwe kifupi, asubuhi, bila meza ya chai kuwekwa mbele ya waliofunga. Wasichana wawe nyumbani kabla giza halijaingia. Kikao kinachomalizika saa kumi na moja jioni kinawaondoa wa mbali, na mwezi unaofuata wazazi hawatawaruhusu.

Kliniki ya vijana ya Jumamosi ina mtego wake. Muuguzi anakuja, vijana wanakuja, maabara imefungwa. Kila anayehitaji kupimwa wingi wa virusi anaambiwa arudi Jumatatu, siku ya shule. Afadhali kliniki moja kwa mwezi yenye muuguzi, mtu wa dawa, mtu wa maabara na mshauri, wote wamelipwa muda wa ziada, kuliko nne zenye muuguzi peke yake.

Kuhusu vikao vya maamuzi, mengi yanajulikana na machache yanafanywa. Roger Hart alichora mwaka 1992 ngazi yake ya ushiriki wenye vidaraja vinane, vitatu vya chini vikiwa ni vya kutumiwa, kupambwa na kuwekwa kwa jina tu, na miradi mingi bado imesimama hapohapo. Ila tunawakatalia wanaodhani kila jambo linapaswa kupandishwa hadi kidaraja cha juu kabisa. Kipimo cha dawa hakipigiwi kura na vijana. Saa za kliniki, maneno ya tangazo, nani awapigie simu waliokosa tarehe, chumba gani kitumike, kama jina liitwe kwa sauti au kwa namba: hayo wanayajua kuliko sisi. Andikeni ukurasa mmoja wenye sehemu tatu: wanayoamua peke yao, wanayoamua pamoja na uongozi, na wanayoarifiwa tu na sababu zake. Ukurasa huo ukisainiwa mwanzoni unaokoa ugomvi wa miezi. Sehemu ya kwanza ikiwa tupu, kila mtu ameshaona.

Viti viwe viwili, kamwe kisiwe kimoja. Kijana mmoja kati ya watu wazima kumi na wawili hatazungumza, na akizungumza ataitwa "kijana wetu" na kupigiwa makofi, kisha ajenda inaendelea. Karatasi za kikao ziwafikie siku saba kabla, kwa Kiswahili, kurasa mbili, jedwali la takwimu moja. Siku moja kabla kuwe na saa nzima ya maandalizi na mtu asiyekuwa bosi wao: ajenda inasema nini, pesa iko wapi, swali letu ni lipi. Hoja yao iwekwe kabla ya chai, isisubiri "mengineyo" wakati watu wanafunga mikoba. Mgeni wa ufadhili akija na Kiingereza chake, mkalimani asiwe meneja wa mradi, maana lalamiko kuhusu meneja halitavuka.

Kisha jibu. Ndani ya siku 14 kila pendekezo lao lirudishiwe jibu la maandishi: limekubaliwa na litafanyika lini, au limekataliwa na kwa nini. Vijana wanavumilia kukataliwa kuliko tunavyodhani. Wanachoondokea ni ukimya. Mtu akituuliza ni kitu gani kimoja aanze nacho kesho bila kuongeza bajeti, tutamwambia ni hiki.

Kwenye chanjo ya HPV vijana wana kazi tofauti, na mipaka yake ni tofauti. Tanzania ilianza kwa majaribio Kilimanjaro mwaka 2014, ikaingiza chanjo nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14 kwa dozi mbili, na Aprili 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mkakati wa dunia uliozinduliwa na Shirika la Afya Duniani Novemba 2020 unataka asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kufikia umri wa miaka 15, ifikapo 2030. Uvumi mkubwa unaosikika ni kwamba chanjo inafunga kizazi, na wasichana wakubwa waliochanjwa ndio wanaoweza kuwajibu wadogo zao kwa lugha ya darasani. Wafundisheni kusema kweli: mkono utauma siku moja au mbili, wengine hupata homa kidogo, wengine kizunguzungu. Msichana aliyeambiwa haumi atauona uongo baada ya sindano, na hataamini lingine lolote.

Kizunguzungu kina uzito kuliko kinavyoonekana. Mwaka 2014, mji wa El Carmen de Bolívar nchini Colombia, wasichana wengi walianza kuzimia na kupelekwa hospitali baada ya chanjo hiyo. Uchunguzi haukuona kosa la chanjo, lakini video zilikuwa zimeshaenea, na uchanjaji nchini humo ukaporomoka kwa miaka. Hofu huambukizana kwenye foleni. Kwa hiyo siku ya chanjo shuleni: wawe wamekula, wachanjwe ndani, mlango mmoja wa kuingilia na mwingine wa kutokea, ili aliye kwenye foleni asione sindano wala anayelia, wakae dakika 15 kwenye benchi kivulini baada ya kuchanjwa, anayeona kizunguzungu alazwe miguu juu mahali pasipo na watazamaji. Mwelimisha rika mmoja, yaani kijana aliyefundishwa kuwaelimisha wenzake, awe foleni, akizungumza nao mambo ya kawaida, mwingine benchi. Hiyo ni kazi yao halisi siku hiyo, na wanaiweza kuliko mwalimu mwenye fimbo. Simu zikusanywe kwa makubaliano ya wanafunzi wenyewe, yaliyofanyika siku iliyotangulia.

Mpaka wake ni huu: msiwatume wasichana kwenda kubishana na baba zao nyumbani. Mzazi anayekataa azungumzwe na mtu mzima, mhudumu wa afya au kiongozi wa dini aliyeelewa jambo. Mtoto asibebeshwe ugomvi ambao atabaki nao usiku.

Wakati wa mlipuko wa Ebola mashariki mwa Congo, uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 watu 2,287 wakiwa wamefariki, tatizo la nani anatumwa lilionekana kwa ukubwa wake. Wageni walifika Beni na Butembo kwa magari makubwa, wakizungumza Kifaransa, kwenye eneo ambalo watu wanazungumza Kinande na Kiswahili cha kwao na wameshuhudia mauaji ya miaka bila kusaidiwa. Vijana wa mitaani walihoji kwa nini Ebola ina pesa na usalama wao hauna. Swali hilo halijibiwi na bango. Vijana wa mtaa huohuo, madereva wa pikipiki wakiwemo, waajiriwe tangu wiki ya kwanza, kwa mkataba na kinga ya kazi; dereva ndiye anayembeba mgonjwa kabla gari la wagonjwa halijasikia habari. Mkiwaita miezi sita baadaye, mawe yakiwa yamesharushwa, mnanunua utulivu, na wao wanajua.

Yanabaki mambo ya usalama wa vijana wenyewe, ambayo tungetamani yangekuwa ya kwanza kwenye kila mafunzo.

Mwelimisha rika ataambiwa mambo mazito: kubakwa na ndugu, mimba, nia ya kujiua. Afundishwe kusema kabla mazungumzo hayajaanza kwamba kila kitu ni siri isipokuwa mambo matatu: mtu anakuumiza, unataka kujiumiza, au kuna mwingine aliye hatarini. Hayo anayapeleka kwa msimamizi siku hiyohiyo. Namba 116 ya simu kwa mtoto, inayopigwa bure Tanzania na Kenya, aijue kwa kichwa. Msimamizi mmoja asiwe na vijana zaidi ya 10, na simu yake iwe na salio la mradi. Kila kijana anayefanya kazi nusu siku afuatilie wenzake wasiozidi 20 hadi 25. Kila wiki kuwe na dakika 45 za kuzungumza kilichowaelemea, bila fomu wala takwimu mezani. Pakikosekana hilo, mtaona wale wazuri zaidi wanaanza kukosa dozi zao wenyewe. Kazi ya kuwabeba wengine imewachosha na hakuna aliyewauliza.

Kusiwe na simu za usiku, kukopeshana pesa, wala mapenzi kati ya mwelimisha rika na anayemfuatilia. Yaandikwe, yasemwe kwa sauti.

Kundi la WhatsApp lisiitwe jina lenye neno VVU, CTC wala dawa. Simu za nyumbani ni za watu wengi. Ujumbe wa kukumbusha tarehe uwe wa kawaida: "Habari, Jumamosi tuonane kama tulivyosema." Orodha za majina zisipigwe picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, Kenya ina yake tangu 2019, na taarifa za afya ni miongoni mwa zinazolindwa zaidi. Mfadhili akiomba picha ya "shujaa kijana", kumbukeni kwamba kijana wa miaka 17 anayeridhia leo atakuwa na miaka 25 akitafuta kazi au mchumba, na picha iliyokwenda haiitiki. Mikono, migongo na michoro yao inatosha. Tanzania ilishusha mwaka 2019 umri wa kuridhia kipimo cha VVU hadi miaka 15. Kuridhia kipimo hakuna maana ya kuridhia kuonyeshwa.

Ripoti zipungukiwe na "vijana waliofikiwa". Hesabuni waliokuja tarehe yao, waliofubaza virusi, mapendekezo ya vijana yaliyobadilisha jambo katika robo mwaka iliyopita, na waelimisha rika waliobaki mwaka mzima. Namba ya tatu ikiwa sifuri mara mbili mfululizo, kikao cha vijana kimeshageuka cha kunywa soda.

Wote watazidi umri, kwa hiyo siku ya kuondoka ijulikane tangu siku ya kwanza. Mkataba wa miezi 18 unafaa: miezi mitatu ya kufuatana na anayeondoka, mwaka mmoja wa kazi, mitatu ya kumfundisha anayeingia. Makabidhiano hayawi ya orodha tu. Kila anayefuatiliwa aulizwe kama anamkubali huyo mpya, na akikataa apewe mwingine. Anayeondoka apewe barua inayotaja kazi yenyewe: alifuatilia vijana wangapi kwa muda gani, alitunza rejesta gani, alisimamiwa na nani, alipata mafunzo ya siku ngapi na ya nini. Barua isitaje hali yake ya afya mahali popote, wala jina la kliniki linaloidokeza. Isainiwe na mganga mfawidhi, iwe na mhuri na namba ya simu ya ofisi inayopokelewa, kwa sababu mwajiri atapiga.